Kuhamia diski kubwa bila kupiga Windows upya: jibu kwa mwenye steshenari wa Mwanga

Swali lenyewe: "Shikamoo mzee. Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Laptopu yangu ni ya mtumba, ina Windows 10 na SSD ya GB 128. Diski C imekuwa nyekundu, zimebaki GB 3, na nikifungua faili la mitihani ya shule inaganda. Nimeagiza SSD ya GB 512 kutoka Dar, imeshafika na basi. Fundi wa jirani anasema hakuna njia, lazima apige Windows upya, halafu programu nirudishe mwenyewe moja moja. Haiwezekani kuhamisha kila kitu kama kilivyo? Laptopu ina nafasi ya diski moja tu. Na hii ya zamani nikimaliza, naweza kuiuza?"

Marahaba, binti yangu. Inawezekana, na hutapoteza hata ikoni moja ya pale mezani. Ila ya kuiuza ile ya zamani tuiache kwanza, nitaifikia.

Fundi wako sitamwita mwongo. Amechagua njia ambayo yeye anaijua mwisho wake. Kupiga Windows ni kazi ya saa moja, anakukabidhi inawaka, mnaagana. Kuhamisha kunataka utulivu, na ikigoma katikati lawama ni zake. Hata mimi hapa Ujiji napiga upya bila kuuliza mara mbili laptopu ikija imejaa virusi, au Windows yenyewe ikiwa imechakaa kiasi kwamba kuihamisha ni kuhama na kunguni. Ya kwako haina ugonjwa, imebanwa tu. Mwenye steshenari ana draiva za printa, fonti za kadi za harusi, vipimo vya picha za pasipoti alivyovipanga mwenyewe, na mafaili ya shule tano. Kuvirudisha kimoja kimoja ni siku mbili za kufunga duka.

Leo usiku anza na jambo dogo litakalokupa pumzi. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, bofya kulia, chagua Run as administrator, kisha kwenye dirisha jeusi andika powercfg /h off na ubonyeze Enter. Windows hutenga faili kubwa lililofichwa kwa ajili ya ule usingizi wake mzito. Kwa kawaida huwa karibu asilimia 40 ya RAM, kwa hiyo kama una RAM ya GB 8 utapata GB 3 na ushee papo hapo. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Tangu Windows 8, ukibofya kuzima, kompyuta haizimi kabisa: inahifadhi kiini cha mfumo kwenye faili hilo ili kesho iwake haraka. Diski iliyoachwa hivyo ni kama daftari lililofungwa huku kalamu ikiwa ndani, na programu za kunakili huikataa. Amri ile inaondoa usingizi pamoja na huo uzimaji nusu. Kisha andika chkdsk C: /f, kubali kwa Y, uwashe upya uiache ijikague. Hilo nalo lisipofanyika, kunakili kunaweza kukwama mwanzoni kabisa.

Sasa tuhakikishe ulichonunua kinaingia. Hapa watu wengi huumia, kwa sababu mwenye duka anauliza "ya laptopu?", unajibu ndiyo, anakufungia. SSD za laptopu ziko za namna tatu zinazokutana sana mitaani. Kuna ya inchi 2.5, bapa kama kiberiti kilichokanyagwa. Kuna kijiti cha M.2 kinachotumia SATA, njia ya zamani ya kupitisha data, na kuna kijiti cha M.2 kinachotumia NVMe, njia mpya na ya haraka zaidi. Hivi viwili vya mwisho vinafanana kama mapacha, vyote kwa kawaida vina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, ndiyo maana utaona imeandikwa 2280. Tazama meno ya shaba: kijiti cha SATA mara nyingi kina mapengo mawili, cha NVMe mara nyingi kina moja. Mara nyingi, si kila mara, kwa hiyo soma na karatasi iliyobandikwa juu yake. Laptopu nyingi za zamani zinapokea SATA peke yake, na kijiti cha NVMe hata kikiingia hakionekani. Kujua ya kwako, shusha programu ya CrystalDiskInfo, ni ya bure na nyepesi kwa bando. Itakuonyesha aina ya diski iliyomo.

Programu hiyo hiyo itakuambia na afya yake. Ukiona Good kwa rangi ya buluu, endelea. Ukiona njano na neno Caution, simama: nakili kwanza mafaili ya kazi kwenye flashi, ya shule na ya hesabu, kabla ya kugusa kingine chochote. Diski inayokaribia kufa isipewe kazi ya kusomwa mwanzo hadi mwisho bila kuokoa vya muhimu kwanza. Na hata ikiwa buluu, vya muhimu vinakili tu.

Bado kuna kufuli. Laptopu za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya wakati mwingine diski yake imefungwa kwa BitLocker na mwenyewe hujui, kwa sababu inajifungua kimya kimya kila ukiwasha. Kwenye dirisha lile jeusi andika manage-bde -status. Ukiona kwenye mstari wa Conversion Status wa C neno Encrypted, nenda kwenye mipangilio uizime BitLocker kabisa, usubiri diski ifunguke yote. Inaweza kuchukua saa kadhaa. Ukiruka hatua hii, unaweza kuhama salama kisha kompyuta ikakuuliza ufunguo wa tarakimu 48 ambao hujawahi kuuona maishani.

Njia ya kuhama sasa. Watu wengi hufanya hivi: wanatia diski mpya kwenye kasha la USB, wanaichomeka, programu inanakili moja kwa moja kutoka hii kwenda ile. Ni njia halali. Mimi sikushauri, na nitakuambia kwa nini.

Miaka kadhaa iliyopita aliniletea kazi mpiga picha za harusi. Diski yake ilikuwa ya GB 500, inakoroma, na alinunua nyingine ya GB 500 ya kampuni ile ile. Nilizichomeka zote mbili. Ilikuwa saa tano usiku, umeme ulikuwa umetusumbua kutwa, nami nataka kumaliza. Skrini ikaniuliza chanzo ni kipi na mwisho ni upi. Majina yanafanana, ukubwa unafanana. Nikabofya. Nikanakili diski tupu juu ya diski iliyojaa. Kazi iliisha upesi mno, na upesi ule ndio ulionishtua. Tulihangaika na PhotoRec, programu ya kufufua mafaili yaliyofutika, siku tatu, tukapata zaidi ya nusu ya picha, zote bila majina wala tarehe, maharusi wamechanganyika na wa harusi nyingine. Sikuchukua hela yake. Tangu siku hiyo nina sharti moja: wakati wowote kitu kinapofutwa, diski yenye mali ya mtu iwe imelala mezani, nje ya mashine. Siyo kwamba najiamini kusoma skrini, hapana. Nataka hata nikikosea pasiwe na cha kuharibu.

Na wewe bahati yako laptopu ina nafasi moja tu, kwa hiyo sharti hilo linatimia lenyewe. Tutanakili kwanza kwenye diski ya nje, kisha tutoe humo kwenda kwenye mpya. Azima au nunua diski ya nje, yenye nafasi ya angalau GB 120 iliyo wazi. Vilivyomo ndani yake havitaguswa. Tafuta na flashi tupu ya GB 2 au zaidi. Shusha Clonezilla, programu ya bure iliyotoka Taiwan. Faili lake halifiki GB 1. Liandike kwenye flashi kwa kutumia Rufus, ambayo nayo ni ya bure. Kumbuka flashi hiyo itafutwa yote.

Zima laptopu, chomeka flashi na diski ya nje, chomeka chaja. Chaja pekee haitoshi kama betri imekufa. Sisi wa Kigoma tulioishi miaka na majenereta ya dizeli kabla ya gridi ya Taifa kutufikia hatuhitaji kuelezwa. Betri iweze kubeba walau nusu saa. Washa huku unagonga kitufe cha kuchagua pa kuwakia. HP nyingi ni F9, Dell na Lenovo nyingi ni F12. Ikikataa kuwakia flashi, ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, uzime Secure Boot, kufuli la kuwakia, kwa muda.

Clonezilla ina sura ya zamani, maandishi na rangi ya buluu, usiiogope. Chagua device-image, maana yake diski inaandikwa kama mafaili ndani ya folda. Kisha local_dev, uionyeshe ile diski ya nje kuwa ndipo pa kuhifadhia. Kisha savedisk, uchague SSD yako ya ndani. Usisome majina kama sda au nvme0n1, soma ukubwa: ya GB 128 ndiyo ya kwako. Itakuuliza kama ikague ilichokihifadhi ikimaliza, kubali. Hatua hii yote inasoma tu kutoka kwenye SSD yako, haiifuti.

Inanakili sehemu zenye kitu tu, tena inazibana. Kwenye tundu la USB la buluu itakuchukua kama dakika ishirini au thelathini. Kwenye tundu la zamani la USB 2.0, ambalo kwa hali halisi hupitisha kama MB 35 kwa sekunde, tegemea saa nzima. Kunywa chai.

Ikimaliza zima. Sasa kufungua. Chomoa chaja, geuza laptopu, toa skrubu uzipange kwenye karatasi kwa umbo la zilipotoka, kwa sababu ndefu ikiingia pa fupi inatoboa upande wa kibodi. Ukishafunua, chomoa kwanza waya wa betri. Gusa chuma chochote kikubwa, dirisha au bomba, kuondoa umeme wa mwilini. Kama SSD yako ni kijiti, kinashikwa na skrubu moja ndogo sana. Ukiitoa kinajiinua chenyewe kwa mshazari. Skrubu hiyo ilinde kwenye kizibo cha soda. Nimezunguka Kigoma mjini siku nzima natafuta nyingine, nikaishia kuinyofoa kwenye laptopu mbovu iliyokuwa imetoka Kibirizi, na mpaka leo bisibisi ile naisikia harufu ya dagaa. Mpya iingize kwa mshazari ule ule, ilaze, ikaze bila nguvu.

Ile ya zamani iwekee karatasi yenye tarehe, iende kwenye bahasha.

Rudisha betri, washa tena kwa flashi na diski ya nje. Safari hii chagua restoredisk, chagua folda uliyohifadhi, kisha diski ya GB 512. Itakuuliza mara mbili kama una uhakika. Unaweza kujibu bila moyo kwenda mbio, mali yako iko kwenye bahasha. Ikimaliza, toa vyote, washa.

Kwa kawaida Windows inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Ikiwa diski yako ilikuwa SATA na mpya ni NVMe, na laptopu inapokea zote, unaweza kupata skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Windows imezoea mlango wa zamani. Iache ijaribu mara mbili tatu mpaka ikupe ukurasa wa matengenezo, ingia Safe Mode mara moja, kisha washa kawaida. Mara nyingi hapo inakuwa imejifunza mlango mpya. Leseni usiihofie. Leseni ya kidijitali ya Windows imefungamana na ubao mama, na ubao haujabadilika. Kinachoweza kulalamika ni programu chache za hesabu zinazosoma namba ya diski. Kama unayo moja, andaa ufunguo wake.

Sasa utafungua This PC, na utanipigia kelele: C bado ni ile ile! Ndiyo. Umehamisha nyumba kwenye kiwanja kikubwa, lakini kuta ni za zamani. Bofya kulia kwenye Start, fungua Disk Management. Utaona eneo jeusi la GB zaidi ya 350 upande wa kulia, ndilo kiwanja kilichobaki. Ungebofya kulia C na kuchagua Extend Volume, na mara nyingi neno hilo litakuwa limefifia, halibofyeki. Hapa ndipo mafundi wengi hukata tamaa na kukuundia diski D, ukabaki na C nyekundu vile vile na D tupu.

Sababu yake ni choo. Windows hujengea sehemu ndogo ya matengenezo, MB 500 au zaidi kidogo, ukutani kabisa mwa C, upande wa kulia. C inaweza kupanuka kuelekea ardhi inayopakana nayo tu, na katikati kuna choo. Tunakibomoa na kukijenga ndani ya nyumba. Kwenye dirisha jeusi la msimamizi andika reagentc /disable. Amri hii inahamishia vifaa vya matengenezo ndani ya C. Ikikujibu imefaulu, ndipo uandike diskpart, kisha list disk, kisha select disk 0 baada ya kuona kwamba namba 0 ndiyo yenye GB 476, kisha list partition. Tafuta iliyoandikwa Recovery, iliyo baada ya ile kubwa. Tuseme ni namba 4: select partition 4, halafu delete partition override. Tafadhali usiguse ndogo ya mwanzo ya MB 100 hivi iliyoandikwa System. Ndogo ile ndiyo inayowasha kompyuta, ukiifuta utanirudia na skrini nyeusi. Andika exit, rudi Disk Management, Extend Volume sasa itabofyeka, panua mpaka mwisho. Malizia na reagentc /enable ili matengenezo yafanye kazi kutoka makao mapya.

Na tafadhali usimpigie mtu wa Dar kumwambia amekuibia kwa sababu umeona 476 badala ya 512. Kiwandani GB moja ni baiti bilioni moja kamili. Windows inahesabu 1,024 mara 1,024 mara 1,024, kwa hiyo bilioni 512 zinakuwa 476. Ya kwako ya 128 ilikuwa inaonyesha 119, ni vile tu hukuitazama. Wezi halisi wapo: ni wale wanaouza diski ya TB kadhaa kwa bei ya chakula cha mchana, ndani ina kadi ndogo ya kumbukumbu iliyodanganywa kujitaja kubwa. Ukijaza, inaandika juu ya vya zamani kimya kimya. Ukitaka amani, kabla ya kurudisha chochote ndani ya diski mpya, ijaze yote kwa programu ya H2testw ukiwa umeiweka kwenye kasha. Inaandika mpaka mwisho kisha inasoma tena.

Windows 10 yenyewe iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kuhama hakubadilishi hilo, ila sasa una nafasi ya kupokea Windows 11 kama laptopu ina TPM 2.0, kile kifaa cha usalama cha ndani, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, kwa ujumla kuanzia kizazi cha nane. Mitumba mingi haifiki. Fanya hilo mwezi ujao, usilichanganye na kuhama, kwa sababu kitu kikigoma hutajua kimegomea wapi.

Ya zamani, basi. Mwezi mzima ikae kwenye bahasha, na bahasha isikae mfuko mmoja na laptopu. Usiifomati, usimpe mtu aitumie "kwa muda". Kama ndani ya mwezi huo ukakuta faili halifunguki, utakuwa na pa kurudi.

Baada ya hapo usiiuze, au usiiuze kama ilivyo. Fikiria kilichopita kwenye laptopu ya steshenari: vitambulisho vya NIDA ulivyoskani, vyeti vya kuzaliwa, barua za maombi ya kazi zenye namba za simu, mitihani ya shule kabla haijafanywa. Kufuta na kufomati haraka kunaweza kuondoa orodha tu, vitu vyenyewe vikabaki, na PhotoRec ile ile iliyoniokoa nusu ya picha za harusi inaweza kumletea mnunuzi vitambulisho vya watu wa Mwanga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu wewe mwenye duka, si kampuni kubwa peke yake. Baadhi ya laptopu zina kwenye BIOS kipengele cha Secure Erase cha kufuta SSD kutoka ndani yake yenyewe. Kitumie ukiwa na diski hiyo peke yake ndani ya mashine, ile mpya ikiwa mezani. Ila mimi ningeitia kwenye kasha la USB linaloendana na aina yake, nikaifanya ya kuhifadhia nakala ya kazi za duka kila Jumamosi jioni kabla ya kufunga.